TUNDU LA KAMBA YA SWETA: LINATOKA WAPI, LINAZIBWAJE

(Maelezo haya yalitolewa na Katibu wa tawi mbele ya kikundi cha ufumaji, chini ya mwarobaini wa ghala. Yameandikwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile.)



Tunajua huu ni msimu wa kuchuma pamba, na wengi wenu mmeacha magunia shambani mkaja kukaa hapa. Kwa hiyo hatutazunguka mbuyu. Leo tunasema juu ya tundu. Tundu lile dogo linalotokea pembeni mwa kamba ya sweta, ambalo ukiinua sweta juani linapitisha mwanga kama ukuta wa fito usiokandikwa.

Jambo lenyewe mnalijua. Sweta 11 zilizopelekwa Mwanhuzi zimerudi. Mnunuzi hakugomba. Alizishika moja moja, akaziinua dirishani, akaingiza kidole katika tundu, akauliza, "Mtoto atavaa hii mpaka lini?" Kisha akazikunja vizuri akaturudishia. Amesema zikirekebishwa kabla ya mwisho wa mwezi atazipokea zote. Zisiporekebishwa ataagiza za mashine. Hatuwezi kumlaumu, yeye naye ana wateja wake, na baridi ya asubuhi haisubiri mkutano.

Hilo ni la mnunuzi. Lipo la pili, na kwetu sisi hilo ndilo zito. Katika kikao kilichopita ilitolewa hoja kwamba wafumaji wapya watatu waondolewe kwenye kamba, wabaki na kazi ya kufuma mikono na kola, ambayo malipo yake ni madogo. Sababu iliyotolewa ni kwamba mikono yao imelegea na ndiyo inayotoboa sweta. Hoja hiyo itapigiwa kura Jumamosi. Kabla ya kura, kikao kilituagiza tuzikague sweta zile na kuleta maelezo. Tumezikagua usiku mbili mfululizo. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Tulizitandaza zote 11 juu ya meza ya ghala, tukawasha taa, tukachukua karatasi. Kila tundu tuliliandika: liko katika sweta ipi, katika kamba ipi, upande upi wa kamba. Sasa, ndugu zetu, mkono mbaya hukosea popote. Kijana asiyejua kushika plau, mfereji wake hupinda hapa, ukanyooka pale, ukapinda tena mbele. Huwezi kusema mapema utapinda wapi. Lakini matundu haya hayakuwa popote. Karibu yote yalikuwa upande wa kushoto wa kamba, pale inapoishia. Mengine machache, nayo ni makubwa zaidi, yalikuwa pale kamba zinapopishana. Na yalikuwamo katika sweta za wale watatu, na yalikuwamo vilevile katika sweta za wale waliofuma tangu kikundi kilipoanza.

Tena tukaona sweta moja ya ajabu. Hiyo matundu yake yote yako upande wa kulia. Tukauliza, hii ya nani? Tukaambiwa ni ya yule mama anayetumia mkono wa kushoto. Yeye hufuma akielekea upande usio wetu, na tundu lake nalo limehama likamfuata. Hebu lifikirini hilo kidogo. Kama tundu linaifuata njia ya uzi, linakaa mahali pamoja kwa kila mtu, na linahama njia inapohama, je, kosa hapo ni la mtu au ni la njia?

Sisi tunasema ni la njia. Na tutaonyesha.

Kwanza tukubaliane majina, maana kila mmoja wetu alijifunza kwa mtu tofauti. Ukitazama sweta upande wa mbele, vile vinavyoonekana kama herufi V tutaviita vitanzi laini. Unapofuma kitanzi laini, uzi uko nyuma ya sindano. Vile vinavyotokeza kama punje za mtama tutaviita vinundu. Unapofuma kinundu, uzi uko mbele. Kamba yetu ni vitanzi laini 6, na kila upande ina vinundu 2 vya kuitenga ili ionekane imeinuka. Kila baada ya mistari kadhaa, vitanzi 3 vinapita juu ya wenzao 3, na hapo ndipo tunapopata msuko.

Siku ya maelezo tulitumia kamba ya katani ya kufungia ng'ombe na vijiti viwili, na hapa tutajaribu kueleza kwa maneno. Uzi ukitoka kitanzi laini kwenda kitanzi laini, unakaa nyuma, safari yake ni fupi. Lakini kamba inapoisha na vinundu vinaanza, uzi lazima utoke nyuma, upite katikati ya sindano mbili, uje mbele, halafu uizunguke ncha ya sindano. Safari hiyo ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Urefu ule uliozidi ni mdogo sana, pengine unene wa uzi wenyewe tu. Lakini hauna pa kwenda. Unabaki pale pale mpakani, na nguo ikivutwa unaingia katika kitanzi cha mwisho cha kamba na kukivimbisha. Mstari unaofuata wa mbele, tena vilevile. Ikifika mistari 40 una safu nzima ya vitanzi vilivyolegea, vimepangana kama ngazi. Upande wa kulia wa kamba, ambako uzi unatoka kwenye vinundu kuingia kwenye vitanzi laini, safari ni fupi, na ndiyo maana upande huo huwa safi siku zote.

Akina baba waliokuwapo walicheka kuona Katibu anacheza na kamba ya ng'ombe. Tuliwauliza, mnaposokota kamba, hamjui kwamba pale mnapounga katani mpya ndipo panapolegea? Wakasema tunajua. Basi ni habari hiyo hiyo. Na kwa wale wanaosema ufumaji ni kazi ya wanawake tu, katika kisiwa cha Taquile kilichomo ndani ya Ziwa Titicaca, nchini Peru, wanaume ndio wanaofuma kofia za sufu, na mvulana hufundishwa angali mdogo. Mlango wa kikundi uko wazi.

Sasa dawa. Dawa ya kwanza haihitaji chombo chochote. Ukimaliza kitanzi cha mwisho cha kamba, leta uzi mbele, ingiza sindano katika kinundu cha kwanza, na kabla hujakizungushia uzi, uvute. Usiuvute kwa hasira, uvute mpaka uone kile kitanzi cha mwisho kimekaa sawa na ndugu zake. Fuma kinundu. Ukifika kwenye kinundu cha pili, ingiza sindano, uvute uzi tena. Watu wengi hukaza mara moja tu na kuacha mvuto wa pili, kumbe huo ndio wenye kazi. Kitanzi hukazwa na kile kinachokifuata, maana kikiwa bado peke yake kwenye sindano uzi unarudi kinyumenyume.

Dawa ya pili ni kuifupisha ile safari yenyewe. Kwa kawaida tukifuma kinundu, uzi hupita juu ya ncha ya sindano ndipo ukashuka. Katika kinundu cha kwanza baada ya kamba, na hicho kimoja tu, pitisha uzi chini ya ncha, ukitokea chini kwenda juu, kisha uuvute kama unavyochota. Njia hiyo ni fupi, na ule ulegevu unaliwa. Lakini kuna sharti. Kitanzi kilichofumwa hivyo hukaa juu ya sindano kimegeuka, mguu wake ambao ungekuwa mbele uko nyuma. Unaporudi kwa upande wa ndani wa sweta, ukikifikia, ingiza sindano katika mguu wa nyuma, kitanyooka. Ukiingiza mbele kama ulivyozoea, kitajisokota, na utaona safu ya vinundu vilivyobanwa kama shingo ya kuku. Wawili wameijaribu dawa hii hapa mbele yetu. Mmoja alikuwa katika wale watatu wapya. Mpaka wake ulitoka safi mstari wa tano, na tumeuhifadhi.

Msichanganye dawa zote mbili kwa wakati mmoja. Chagueni moja, maana mkivuta sana na kufupisha sana, mpaka utakaza na sweta itaingia ndani kama tumbo la njaa.

Haya, tuje kwenye tundu kubwa, la pale zinapopishana. Hilo lina asili nyingine. Unapoweka vitanzi 3 kwenye sindano ndogo ya kusaidia, ukaviacha mbele, ukaruka kwenda kufuma vile 3 vya pili, uzi umeruka nafasi ya vitanzi vitatu. Ukirudi kufuma vile ulivyoviacha, umeruka tena kurudi nyuma. Vitanzi vimenyooshwa kama mtu anayefikia tunda lililo mbali, na kila kinachonyooshwa huomba uzi kwa jirani. Jirani akitoa, anabaki na tundu.

Hapa sindano ya kusaidia ni kila kitu. Tumewaona wengine wakitumia sindano ileile nene ya kufumia, ya milimita 4. Sindano nene huwatanua wale vitanzi watatu wakati wanasubiri, na kilichotanuka hakirudi chenyewe. Tumieni spoki ya baiskeli. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, nusu ya sindano zetu. Ikate kipande cha urefu wa kidole cha kati, isugue ncha zote mbili kwenye jiwe la kunolea mpaka zisikwaruze uzi, kisha uipinde kidogo katikati ili vitanzi visiteleze. Fundi wa baiskeli ana spoki zilizovunjika, hazina thamani kwake. Jambo moja tu, ipake majivu uisugue sana, kutu ikishika uzi mweupe haitoki.

Vitanzi 3 vikiwa kwenye spoki, visogezeni vikae karibu karibu na ncha za sindano zote mbili. Usiiache spoki ining'inie kama mkufu. Kabla ya kufuma kitanzi cha kwanza baada ya kuruka, vuta uzi. Kwenye cha pili, vuta tena, kama tulivyosema juu. Na ikiwa hata hivyo bado mwanga unapita, ipo njia nyingine. Kati ya kitanzi cha mwisho cha kamba na kinundu kinachofuata utaona kiuzi kimelala. Kiinue kwa ncha ya sindano, kisokote mara moja, kiweke kwenye sindano ya kushoto, kisha ukifume pamoja na kinundu, viwili kwa kimoja. Idadi ya vitanzi haibadiliki, na tundu limezibwa tangu pale lilipozaliwa.

Angalieni pia mnapishanisha kila baada ya mistari mingapi. Kamba ya vitanzi 6 inafaa ipishane kila mstari wa 6 au wa 8. Katika zile sweta 11 tumekuta mbili zilizopishanishwa kila mstari wa 4, kwa nia njema kabisa, ili msuko uonekane mnene na mzuri. Unapendeza kweli. Lakini kila mpishano huvuta nguo upande kwa upande, na mipishano ikisongamana vitanzi havipati nafasi ya kupumzika. Sweta hizo mbili ndizo zilizokuwa na matundu makubwa kuliko zote.

Hapo tunafika kwenye uzi, na hapa tunaomba wazee watuvumilie tuseme kwa urefu kidogo, kwa sababu sisi ni watu wa pamba na jambo hili linatuhusu.

Sweta za kamba hazikuanzia kwetu. Zinajulikana sana kutoka visiwa vya Aran, nchini Ireland, ambako tangu mwanzoni mwa karne ya 20 akina mama walifuma masweta mazito yenye kamba na misuko ya kila aina. Uzi wao ulikuwa sufu, yaani manyoya ya kondoo. Sufu ina mawimbi ndani yake. Ukiivuta inakwenda, ukiiachia inarudi. Kitanzi cha sufu kikitanuka kidogo kwenye mpishano, chenyewe kinajikunja, na baada ya kufuliwa nyuzi hushikana, tundu dogo likapotea bila mtu kulishughulikia. Kondoo wetu wa mkia mnene, kama mjuavyo, hawana sufu ya kusokota. Sisi tumechukua mtindo wa sufu tukaufuma kwa uzi wa pamba, na mara nyingine kwa uzi ule wa dukani wa akriliki. Pamba ni imara, haiwashi, inafulika kwa maji ya moto, na ni mali yetu. Lakini haivutiki. Ukiitanua imetanuka. Tundu ambalo sufu ingelificha, pamba inalitangaza.

Kwa hiyo yule anayefuma kamba kwa pamba anafanya kazi ngumu kuliko yule wa sufu. Tunalisema hili ili wale watatu walijue, na wale wanaowasema walijue. Wapya walipewa uzi wa pamba kwa sababu ndio uliokuwapo ghalani wakati wanaanza. Wakongwe walikuwa wamebakiza mafungu ya akriliki, ambayo yanavutika kidogo. Hata hivyo, kama tulivyosema, matundu yalikuwamo kote. Tofauti ilikuwa ukubwa tu.

Tunapendekeza kwa kamati: kwa uzi wa pamba, kamba ipishane kila mstari wa 8, na sindano ziwe ndogo kwa kiasi kimoja, milimita 3 na nusu badala ya 4. Na kila mmoja afume kwanza kipande cha majaribio, upana wa kiganja, chenye kamba moja, akiinue juani, ndipo aanze sweta. Kipande hicho kitaonyesha pia jambo jingine, kwamba kamba huinywea nguo. Sehemu yenye kamba huwa nyembamba kuliko sehemu isiyo nayo, ingawa vitanzi ni vilevile, kwa hiyo kifua cha kamba kinahitaji vitanzi vya nyongeza. Asiyeongeza atafuma sweta inayombana mtoto, na kilichobanwa hufunua kila tundu.

Sasa tufanyeje na hizi 11? Hatuzifumui. Kufumua sweta nzima kwa ajili ya tundu ni kama kubomoa nyumba kwa sababu panya amepita. Ule uzi uliozidi upo, haujapotea, umekaa mahali pasipo pake. Chukua sindano butu, au kulabu ya kufumia vitambaa. Anza kwenye kitanzi kilichovimba. Inua mguu wake mmoja, vuta kidogo, ulegevu utahamia kwenye kitanzi cha jirani. Uvute tena kwenda cha pili yake, na cha tatu, mpaka umeugawa kwa vitanzi sita au vinane, nusu kuliani na nusu kushotoni. Kila kimoja kinabeba kidogo asichokijua mtu. Kisha panda mstari wa juu ufanye hivyo hivyo. Ni kazi ya jioni nzima kwa sweta moja, tusidanganyane. Tulijaribu moja, tulimaliza taa ikiwa inalia mafuta.

Palipo na tundu kubwa la mpishano, kugawa hakutoshi. Hapo geuza sweta ndani nje, chukua kipande cha uzi uleule, wa rangi ileile, na kwa sindano butu ufuate nyuma ya vitanzi vinavyolizunguka tundu, ukipita kama unaandika namba 8, mpaka pande mbili zikaribiane. Zikaribiane tu. Msizibe kwa kukaza kama mdomo wa gunia la pamba, maana nguo itakunjamana na kamba itapinda, na mnunuzi ataona kovu badala ya tundu. Ncha za uzi zifichwe nyuma ya vinundu, zisikatwe karibu.

Kuna sweta moja yenye shida tofauti: kamba yake imepishana kinyume mahali pamoja, ya mbele ikaenda nyuma. Hiyo nayo haifumuliwi yote. Ingekuwa bado iko kwenye sindano tungefanya hivi: tunafuma mpaka juu ya ile kamba, tunaviachia vitanzi vyake 6 peke yao, tunavishusha mpaka kwenye mpishano wenye kosa. Vitabaki viuzi vimelala kama vijiti vya ngazi. Kila kijiti ni mstari mmoja, vihesabuni. Halafu tunapishanisha upya kwa usahihi, na kwa spoki mbili tunapanda ngazi, tukianza na kijiti cha chini kabisa, mpaka juu. Sweta nyingine yote haiguswi. Lakini hii imekwisha kufungwa mabegani. Ifunguliwe bega moja, ndipo kazi ifanyike. Mwenyewe amekubali.

Baada ya marekebisho ziloweshwe katika maji ya vuguvugu, zikamuliwe kwa kubana, si kwa kusokota, zilazwe juu ya mkeka kivulini, zinyooshwe kwa mikono zikiwa mbichi. Zisianikwe kwenye kamba, maji yatazivuta chini na kuamsha matundu tuliyoyalaza. Na zile za akriliki, tafadhali sana, pasi ya mkaa isizikaribie. Akriliki haikubali moto. Kamba itabapa kama chapati, na ikibapa haiinuki tena milele.

La mwisho ni hesabu. Wengi wanapishanisha kwa kukisia, "naona kama imefika." Wakati wa maongezi ni rahisi kupitwa, na mtu akipitwa mistari miwili hujaribu kufidia kwa kupishanisha mapema mara inayofuata. Tuna daftari za hesabu zenye miraba. Kila mraba uwe kitanzi kimoja, kila mstari wa miraba uwe mstari mmoja wa sweta, na mahali pa kupishana pawekwe alama ya ×. Ukimaliza mstari, piga tiki. Asiyejua kusoma anaweza kupiga tiki, na katika kupiga tiki ataanza kujua namba. Mradi wa kisomo cha watu wazima wa Kanda ya Ziwa, ulioendeshwa kutoka Mwanza tangu 1968 hadi 1972, ulikuwa na vitabu vya kusomea vilivyohusu pamba, migomba na uvuvi. Sisi huku, tukiwa wakati huo ndani ya Mkoa wa Shinyanga, tulikuwa katika eneo la mradi. Mtu alijifunza herufi zilezile alizozihitaji shambani. Kwa hiyo tusione haya kuleta daftari kwenye ufumaji. Darasa letu la kisomo la Jumatano litaanza kuchora kamba wiki ijayo, na mwalimu amekubali.

Maswali yaliyoulizwa yalikuwa matatu. Mama mmoja aliuliza kama kufuma kitanzi cha mwisho cha kamba kwa mguu wa nyuma kunatosha. Kunasaidia, kitanzi kinajibana, lakini kinaonekana kimesokotwa, na pembeni mwa kamba jicho linakiona. Mwingine aliuliza kama uloweshaji peke yake utaziba. Kwa pamba, hapana. La tatu liliulizwa na mmoja wa wale watatu, akiwa amesimama nyuma: je, akirekebisha sweta zake mwenyewe kabla ya Jumamosi, kura itapigwa bado? Mwenyekiti alijibu kwamba hoja imo katika kumbukumbu na haiwezi kufutwa bila kikao, lakini mjumbe yeyote anayo ruhusa ya kuiondoa aliyoileta. Mleta hoja alikuwapo. Hakusema neno siku ile.

Kura ni Jumamosi saa 4 asubuhi. Sweta zote 11 zitakuwa mezani zimegeuzwa, majina yamefichwa kwa karatasi. Kila mwenye kura azishike kwanza, atafute matundu mwenyewe, aandike upande. Vipande vitatu vya mfano vimetundikwa kwenye msumari chini ya ubao huu: kimoja hakikutiwa dawa, kimoja kimekazwa kwa mvuto wa mara mbili, kimoja kimefupishwa njia ya uzi. Vishikeni, vivuteni, viinueni juani. Ila uzi unaoning'inia msiukate, bado tunauhitaji.